Saga Haifi Upesi, Lakini Maji Inataka

Wiki hii nimeambiwa tena: "Saga ni mboga ya kienyeji, haitaki maji." Jamani, kutokufa si kuzaa! Saga (akeyo kwa Wajaluo, chinsaga kwa Wakisii, mgagani vitabuni) ikikosa maji hukimbilia kutoa maua. Tazama iliyoshinda na kiu: imefika magotini tu, kileleni maua meupe, maganda membamba yamechomoza kama njiti, na majani yamebaki madogo, magumu, machungu. Halafu analaumiwa mpishi.

Kwa hiyo mwagilia, hasa mwezi wa kwanza. Nyakach na tambarare za Kano, kule Kisumu, ambako udongo mweusi hupasuka jua likiwaka, tandaza nyasi kavu kati ya mistari. Mistari iachane sentimita 30, na samadi iliyooza ichanganywe na udongo kabla ya kupanda. Miche ikifikia urefu wa kidole, ipunguze ibaki sentimita 15 hivi kati ya mmoja na mwingine; unayong'oa ni mboga tayari. Kichwa cha maua kikianza kujitokeza, kikate kwa ukucha siku hiyo hiyo. Usikionee huruma. Matawi ya pembeni ndiyo yatakayokulisha, nayo pia yatataka kutoa maua, kwa hiyo pita tena kila wiki.

Mbegu zilizovunwa juzi bado zimelala. Ziweke pakavu miezi 3 hadi 6, kisha changanya na mchanga, fukia sentimita 1 basi. Hata hivyo hazioti zote kwa pamoja, wala hesabu za vijitabu vya kilimo hazitimii shambani. Mwaga nyingi, utapunguza baadaye.

Jikoni, kuna wanaochemsha na kumwaga maji mara tatu "kutoa uchungu". Vitamini C inamwagika humo humo. Majani machanga, yaliyochumwa kabla ya maua, yakimwagwa maji mara moja yanatosha, na magadi hayahitaji. Kilo moja itie kikombe kimoja cha maji, funika, dakika 15. Chuja, rudisha na kitunguu, kisha kikombe cha maziwa kwa moto mdogo. Nyanya acha, maziwa yatakatika. Ihifadhi penye baridi hadi kesho, ongeza maziwa kidogo, ichemke tena. Siku ya pili ndiyo saga ya kuliwa na ugali wa wimbi.