Bata akikwama kwenye ganda: lini nimsaidie, lini nimwache

Simu ya saa kumi na moja alfajiri kwangu si ya msiba, ni ya bata. Wiki iliyopita alinipigia mama mmoja wa Pongwe ambaye kwa kawaida huniletea mayai nimtotoleshee. Safari hii alikuwa ameamua kujaribu mashine yake mwenyewe ya kutotolesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa bata hawajanipa usingizi. Mmoja katoboa tangu jana magharibi, analia humo ndani, mpaka sasa hajatoka. Nimsaidie?"

"Tundu lina ukubwa gani?"

"Kama punje ya mtama."

"Na mdomo unauona ukicheza?"

"Unacheza."

"Basi mama, usifungue mashine. Kalale."

Hakulipenda jibu langu, na namwelewa. Kuku ndiye aliyetuzoesha vibaya. Kifaranga wa kuku akidonoa ganda asubuhi, mara nyingi jioni yuko nje anakauka. Bata hana haraka hiyo. Tangu atoboe ganda mpaka atoke, saa 24 ni kawaida yake na 48 si ajabu. Hata kuatamia kwenyewe ni kurefu: bata weupe wa Pekin huchukua siku 28, na hawa wetu wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni huchukua siku 35. (Ndiyo maana kuku uliyemwekea mayai ya bata wa kienyeji wakati mwingine hususa kiota. Kwa hesabu yake ya siku 21, kazi ilishakwisha zamani.)

Ukitaka kujua lini uingize mkono, jua kwanza humo ndani kunafanyika nini.

Siku zote za kuatamiwa, kifaranga hatumii mapafu. Chini ya ganda kuna utando uliojaa mishipa ya damu, na mishipa hiyo ndiyo inayompumulia: hewa hupenya kwenye vitundu vidogo vya ganda, damu inaipokea. Siku mbili tatu za mwisho mwili unakuwa mkubwa, hewa inayopenya haimtoshi tena. Hewa chafu inajikusanya, msuli mnene ulio nyuma ya shingo unaanza kukirusharusha kichwa, na kile kijino kigumu kilicho kwenye ncha ya mdomo kinapasua utando wa ndani na kutokeza kwenye mfuko wa hewa, upande ule butu wa yai. Hapo ndipo anavuta pumzi ya kwanza. Ukilimulika yai kwa tochi utaona kivuli cha mdomo kikichezacheza kwenye sehemu yenye mwanga. Ukiliweka sikioni utamsikia akigonga, pengine akilia. Hewa ya mfuko huo nayo ni ya muda tu, kwa hiyo kwa kawaida ndani ya saa 24 anatoboa ganda lenyewe.

Akishatoboa, anatulia. Hapo ndipo watu wengi huingiwa na hofu, na hapo ndipo vifaranga wengi hufia mikononi mwa watu wenye huruma. Kumbe hajakwama. Ana kazi mbili ambazo huwezi kuziona: anairudisha mwilini damu iliyoko kwenye utando, na anakivuta kiini kilichobaki kiingie tumboni kupitia kitovu. Akimaliza ndipo anajizungusha polepole akilikata ganda duara, kama mtu anayefungua kopo, kisha anasukuma kwa miguu. Ukimtoa kabla ya hapo ni sawa na kumtoa mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji kabla hajashonwa.

Mwaka wangu wa kwanza niliua hivyo. Umeme ulikuwa umekatika, nina taa ya chemli mezani na yai mkononi, tundu lenye upana wa kidole. Nikasema nimmalizie tu. Kipande cha tatu cha ganda kiliondoka na utando, na damu haikutoka tone moja moja, ilitiririka mpaka ikajaa kwenye mikunjo ya kiganja. Alikuwa kifaranga mnene, hana kasoro yoyote. Alikufa kwa sababu mimi nilitaka kwenda kulala.

Siku hizi naingia kwa sababu tatu tu. Ya kwanza, mdomo uko kwenye mfuko wa hewa na saa 24 zimepita bila tundu la nje. Ya pili, katoboa, saa 36 hadi 48 zimepita hajaanza kukata duara, na sauti yake inafifia. Ya tatu, utando unaoonekana tunduni umekauka ukawa mweupe mkavu au wa hudhurungi kama karatasi ya mfuko wa saruji, umembana kiasi kwamba mdomo hauwezi kufunguka vizuri. Wa namna hii hawezi kujizungusha hata akiwa na nguvu za simba.

Kuna na yule aliyetoboa upande uliochongoka wa yai. Kwa kawaida kichwa hukaa chini ya bawa la kulia, mdomo umeelekea upande butu. Huyu kageuka, hana mfuko wa hewa wa kuanzia, amepumua kwa tundu la ganda moja kwa moja, na mara nyingi damu na kiini vyake viko nyuma ya ratiba. Kwake mimi huhakikisha tundu halizibi, halafu nasubiri kuliko ninavyowasubiri wengine.

Nikiamua kuingia, nazima feni kwanza. Nanawa mikono kwa sabuni na maji ya moto ili viganja visiwe baridi. Mezani naweka kibano, vijiti vya pamba, maji vuguvugu, mafuta kidogo ya nazi na unga laini wa wanga wa mahindi. Yai halikai nje zaidi ya dakika tano. Na mashine siifungui kila baada ya robo saa, maana kila ukiifungua unyevu unatoka, na utando wa wenzake waliotoboa unaanza kukauka. Kwa kumhangaikia mmoja unaweza kuwakwamisha wanne.

Kwa yule ambaye hajatoboa nje, natoboa kitundu kimoja cha ukubwa wa kichwa cha pini, juu kabisa ya mfuko wa hewa, nikizungusha ncha ya sindano bila kusukuma. Basi. Limerudi kwenye mashine. Nusu ya hawa hawahitaji kingine. Walikuwa wamekosa hewa tu.

Kwa aliyekwama baada ya kutoboa, naondoa vipande vya ganda kuzunguka tundu, juu ya mfuko wa hewa peke yake, kila kipande kisizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Utando unaobaki naulowanisha kwa kijiti cha pamba chenye mafuta ya nazi au maji, nikiwa mbali na matundu ya pua. Kazi ya kulowanisha si kulainisha peke yake. Utando mkavu ni mweupe, hauonyeshi kitu. Ukilowa unakuwa kama kioo, na hapo ndipo unaona ukweli. Ukiona nyuzi nyekundu zimetambaa kama mizizi, damu bado iko nje. Acha hapo hapo. Rudisha, ukaangalie tena baada ya saa tatu au nne. Ukichokoza mshipa kwa bahati mbaya, bonyeza kwa pamba yenye wanga mpaka damu ikate, kisha rudisha.

Dalili nyingine naiangalia mdomoni. Kifaranga anayefungua na kufunga mdomo kama anatafuna, bado anavuta kiini. Huyo simgusi hata kama utando hauna mshipa hata mmoja.

Nyuzi nyekundu zikishapotea, nauchana utando taratibu kutoka mdomoni kuelekea nyuma, nakitoa kichwa chini ya bawa, na hapo mkono wangu unakomea. Nusu ya chini ya ganda naiacha amevaa kama bukta. Namlaza juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya mashine ajitoe mwenyewe kwa kupiga miguu. Kama kuna kiini kidogo kimebaki nje ya kitovu, humo kwenye ganda ndimo kitakapomalizikia. Akitoka kabisa na kile kidonge cha njano bado kinaning'inia, mweke kwenye kikombe chenye tishu iliyoloweshwa, mrudishe kwenye joto na giza. Usikate kitu, usivute kitu. Uzi unaoning'inia kitovuni utakauka na kudondoka.

Sasa niseme la kiangulio chenyewe, kwa sababu nikiona vifaranga watano wamekwama kwenye trei moja silaumu vifaranga. Karatasi iliyokuja na mashine inasema nyuzi 37.5 na ujaze maji mifereji yote miwili. Aliyeiandika hajawahi kukaa Tanga mwezi wa tano. Wakati wa masika hewa ya chumbani kwangu ina unyevu wa asilimia 80. Ikiingia kwenye mashine na kupashwa, bila tone la maji kipimo kinasoma karibu 50, na hicho karibu ndicho ninachokitaka kwa wiki za mwanzo. Ukijaza mifereji yote, yai halipungui maji, mfuko wa hewa unabaki mdogo, kifaranga anavimba na akitoboa anavuta majimaji badala ya hewa. Mwenzangu wa Dodoma, kiangazi, akifuata mtindo wangu atapata asilimia 20, na bata wake watakaukia kwenye utando. Siku tatu za mwisho ndipo unyevu unapandishwa hadi 70 na zaidi, na mayai yanaachwa kugeuzwa: siku ya 25 kwa Pekin, ya 31 au 32 kwa wa kienyeji.

Mizani ya jikoni inasema kweli kuliko kipima unyevu cha bei rahisi. Yai lililoingia na gramu 80, siku unayoacha kugeuza liwe limeshuka mpaka 70 hivi. Likiwa bado na 76, punguza maji mapema safari ijayo; likiwa na 66, ongeza.

Mama wa Pongwe alinitumia picha saa sita mchana. Bata mmoja kalala chali kama mlevi, manyoya yamegandana. "Mbona amelegea hivi?" Nikamwambia amuache humo humo mpaka akauke; kiini alichokimeza tumboni kinamtosha siku nzima na zaidi. Wenye haraka ndio huwatia maji mdomoni yakaingia mapafuni. Kwa kifaranga dhaifu kweli, tone la maji yenye glukosi pembeni mwa mdomo, ameze mwenyewe.

Miguu ndiyo ya kuangalia siku ya pili. Aliyetoka kwa kusaidiwa mara nyingine miguu humtanuka kushoto na kulia, hasa akiwekwa juu ya gazeti linaloteleza. Taulo kuukuu sakafuni, na plasta nyembamba inayoshika miguu yote miwili kwa upana wa kawaida wa kusimama, siku mbili au tatu, mara nyingi hunyooka. Udhaifu wa magoti unaokuja baadaye ni habari nyingine: vifaranga wa bata wanahitaji nayasini (vitamini B3) nyingi kuliko wa kuku, na chakula cha vifaranga wa kuku mara nyingi hakiwatoshi. Vitamini B ya kuchanganya kwenye maji, ya duka la dawa za mifugo, pamoja na dagaa waliosagwa, husaidia sana ukiwahi.

Si wote wanapona. Kitovu kikinuka, au mdomo ukiwa umepinda kama mkasi, huwa namwambia mwenye bata mapema asihesabu.

Kila niliyemsaidia kutoka nampaka rangi nyekundu ya kucha kwenye ukucha mmoja wa mguu, na namba ya yai lake, niliyoiandika kwa penseli juu ya ganda, naihamishia kwenye daftari. Nyekundu zikitoka kwa jike mmoja, namuuliza mwenye bata dume ni wa wapi; mara nyingi ni kaka yake. Mwezi uliopita zilikuwa saba, majike tofauti, lakini zote zilikaa kona ile ya karibu na mlango wa mashine. Nikapitisha kiganja pale usiku, nikasikia ubaridi. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea.