Tuma na ya kutolea

Ninafundisha na kutafiti uhusiano wa teknolojia na jamii. Nikiulizwa kazi hiyo inahusu nini hasa, huanza na maneno manne ambayo hayakutoka kwa mhandisi yeyote: "tuma na ya kutolea."

Kwa asiyeishi Tanzania: ukitumiwa pesa kwa simu, unakatwa ada unapoitoa kwa wakala. Basi anayeomba shilingi 20,000 husema utume na ya kutolea, yaani uongezee makato ili mkononi ashike 20,000 kamili. Mfumo haulijui jambo hilo. Kwenye kompyuta za kampuni, kutuma ni muamala mmoja na kutoa ni mwingine, na kila muamala una mlipaji wake. Sisi ndio tulioiunganisha, kwa adabu. Kijana akimtumia mama yake elfu ishirini kavu anaonekana ameacha jambo nusu, kama aliyemwalika mgeni halafu asimpe nauli ya kurudi. Ukitaka kujua nani anategemewa katika ukoo, sikiliza nani huombwa ya kutolea na nani haombwi kamwe. Mimi nimejifunza mengi zaidi hapo kuliko kwenye takwimu za watumiaji.

M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Majaribio yaliyotangulia yalilenga kitu kingine: wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha walipe marejesho yao kwa simu. Wakopaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na wengine wakawa wanaweka pesa kabla ya safari ili wakaitoe wakifika. Kampuni ya simu ilipoingia sokoni, ikatangaza kutuma pesa nyumbani. Njia ilikuwa imeshakanyagwa zamani: watu walikuwa wakitumiana vocha kama pesa, na bahasha zilisafiri na madereva wa mabasi. Afrika Kusini, M-Pesa hiyohiyo iliingia 2010 na ikafungwa 2016. Simu zilikuwepo, mtandao ulikuwepo, lakini wengi walikuwa tayari na akaunti za benki, na pengo la kuzibwa halikuwa lilelile.

Ndiyo maana napingana na wanaosema jamii "imepokea" teknolojia. Jamii huimalizia.

Tazama namba ya siri. Waliobuni huduma walimfikiria mtu mmoja, simu moja, siri moja. Mwezi uliopita nilikaa kwa wakala mmoja, kwenye kibanda cha mbao chenye daftari la miamala lililochakaa pembe. Akaja bibi na mjukuu wake wa darasa la tano. Mtoto akamwamkia wakala, akabonyeza *150*00# ya M-Pesa, akaingiza namba ya siri ya bibi bila kuuliza. Kwa kanuni za usalama hilo ni kosa, na kweli wazee wameibiwa kwa njia hiyo. Lakini naumia nikisikia watu wakilimaliza kwa neno moja, "hawana elimu." Bibi yule haoni vizuri maandishi ya kioo kidogo. Amechagua wa kumwamini, na amemchagua ndani ya nyumba yake. Huduma inayodai siri ya mtu mmoja mahali ambapo simu ni ya familia ndiyo inayopaswa kufikiriwa upya.

Serikali ya Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, malalamiko niliyoyasikia vibandani hayakuwa ya wafanyabiashara peke yao. Watu waliona wanatozwa kwa kumtunza mzazi. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Aliyeichukulia kama ushuru wa kawaida tu hakuwa amesikiliza pesa hizo zinaombwa kwa maneno gani.

Siku ile wakala alipitisha noti dirishani. Bibi akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, kisha akamgeukia mjukuu: "Mpigie baba yako. Mwambie imefika, na ya kutolea nimeiona."