Abiria wa Saa Sita Mchana na Basi Linalochajiwa kwa Jua

Kwa miaka kadhaa utafiti wangu wa mipango miji umekuwa ukizunguka mambo matatu ambayo kwa kawaida huandikiwa ripoti tatu tofauti: usawa katika usafiri, nishati jadidifu, na teknolojia ya habari. Kila moja lina wataalamu wake, vikao vyake na vipimo vyake. Nimefikia kuamini kwamba kuyatenganisha huku kunamponza hasa abiria mmoja, yule anayesafiri katikati ya mchana, na ningependa kueleza jinsi hilo linavyotokea, kwa sababu linatokea bila nia mbaya ya mtu yeyote.

Nianze na kipimo. Kwa muda mrefu wahandisi wa barabara walipima ubora wa usafiri kwa mwendo wa magari na urefu wa foleni. Mwaka 1959 Mmarekani Walter Hansen alichapisha makala iliyoelekeza macho kwingine, kwenye ufikiaji, yaani wingi wa kazi na huduma ambazo mtu anaweza kuzifikia kutoka anapoishi, huku kila kimoja kikipunguziwa uzito kadiri kilivyo mbali naye. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwani barabara mpya inaweza kuongeza mwendo wa magari mji mzima bila kumsogeza hata hatua moja mtu asiye na gari. Siku hizi wengi wetu hutumia namna nyepesi ya kipimo hicho, ya kuhesabu vitu vinavyofikika ndani ya dakika 45. Ni rahisi kuielezea mbele ya madiwani, lakini ina kasoro moja: kliniki iliyo umbali wa dakika 44 huhesabiwa nzima, na ile ya dakika 46 haihesabiwi kabisa.

Kasoro iliyonigharimu mimi zaidi ilikuwa nyingine. Katika kazi zangu za mwanzo nilikokotoa ufikiaji kwa safari zinazoanza saa 2 asubuhi, kwa kuwa ndivyo nilivyowakuta wengine wakifanya, na ramani zilitoka zikipendeza. Mwenzangu mmoja aliniomba nirudie hesabu ileile kwa saa 7 mchana. Katika mitaa ya pembezoni, ambako kaya nyingi hazina gari, rangi ya ramani ilififia mno, ilhali katikati ya mji haikubadilika sana. Tangu siku hiyo sitoi ramani ya ufikiaji isiyotaja saa.

Ni nani husafiri saa hizo? Mpangaji miji wa Hispania Inés Sánchez de Madariaga aliyapa jina makundi ya safari ambazo takwimu za kawaida huzitawanya: safari za matunzo. Ni safari za kumpeleka mtoto, kumsindikiza mgonjwa, kununua mahitaji ya nyumbani na kumwangalia mzee, na wengi wanaozifanya ni wanawake. Dodoso likiuliza tu kama mtu anakwenda kazini, shuleni, sokoni au kwingineko, safari hizo huvunjika vipande vidogovidogo vinavyoonekana havina uzito. Zina sifa nyingine pia, nayo ni kwamba zimeungana kama mnyororo. Anayekwenda kazini hupanda basi moja au mawili na kushuka. Anayefanya matunzo hutoka nyumbani hadi kliniki, kliniki hadi dukani, dukani hadi shuleni, kisha nyumbani.

Sasa tuje kwenye umeme. Mji wa Shenzhen nchini China ulikamilisha kuyageuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme mwishoni mwa mwaka 2017, kwa hiyo hakuna haja tena ya kubishana kama jambo hili linawezekana. Linalobaki ni swali la umeme unatoka wapi na saa ngapi. Chukua depo yenye mabasi 100, kila moja likienda kilomita 200 kwa siku na kutumia takriban kilowati-saa 1.3 kwa kila kilomita. Depo hiyo inahitaji kilowati-saa 26,000 kila siku. Mabasi yakichajiwa yote usiku kwa saa tano, gridi italazimika kutoa zaidi ya megawati 5 mfululizo, na katika saa hizo hakuna jua.

Wazo linalofuata huwa ni paneli za sola juu ya paa la depo. Ninalipenda, lakini hesabu haikubali liwe jibu pekee. Mahali penye jua zuri, kilowati moja ya paneli hutoa kama kilowati-saa 4 hadi 5 kwa siku na huchukua takriban mita 5 za mraba. Kutosheleza depo yetu kunahitaji karibu kilowati 5,800, yaani eneo linalokaribia hekta 3. Basi la mita 12 linahitaji kama mita 30 za mraba za kusimama. Hata ukizidisha mara tatu ili kupata nafasi ya kugeuzia, paa la mabasi 100 ni mita 9,000 tu za mraba. Sehemu kubwa ya umeme itatoka nje ya depo, kwenye mashamba ya sola na ya upepo, kupitia gridi.

Hapa ndipo fundo lilipo. Umeme wa jua hufikia kilele karibu na saa sita mchana, na kwenye gridi yenye sola nyingi huo ndio muda ambao umeme huwa mwingi na wa bei nafuu. Abiria nao hufurika asubuhi na jioni, kisha hupungua kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Mtaalamu wa nishati akiichora mikondo hiyo miwili, wa umeme na wa abiria, juu ya karatasi moja, huona imekaa kama kufuli na ufunguo wake, na shauri lake huwa kuyaondoa mabasi barabarani mchana ili yachajiwe jua likiwa kali. Kwa kipimo cha hewa ukaa shauri hilo ni sahihi. Ninaliheshimu, na ndiyo maana linanisumbua.

Fikiria njia ambayo basi hupita kila baada ya dakika 10. Abiria anayefika kituoni bila kuangalia ratiba husubiri, kwa wastani, dakika 5. Ondoa nusu ya mabasi, na wastani huo unakuwa dakika 10. Kwa mwenye safari ya basi moja, ni dakika 5 za ziada, na katika ripoti zitaandikwa hivyo. Kwa yule mwenye mnyororo wa safari nne, kungoja kunapanda kutoka dakika 20 hadi 40, na bado hatujahesabu mtoto anayelia kituoni au mgonjwa asiyeweza kusimama. Hewa ukaa iliyookolewa imelipiwa kwa dakika za mtu mmoja, na hakuna jedwali linaloonyesha hivyo.

Teknolojia ya habari ingeweza kuonyesha, lakini inategemea imeulizwa nini. Ratiba za mabasi ya umeme siku hizi hupangwa na programu inayotafuta gharama ndogo kabisa, ikilishwa takwimu za kadi za nauli. Kadi hurekodi aliyepanda. Aliyengoja akakata tamaa, aliyeamua kutembea na aliyeahirisha kliniki hawaachi alama yoyote. Huduma ya mchana ikipunguzwa, wanaopanda nao hupungua, na programu ikisoma takwimu za mwezi unaofuata huona mahitaji madogo na kushauri mabasi mengine yaondolewe. Hali hiyo hujirudia hadi huduma ya mchana ionekane kama anasa. Kwa maoni yangu hili ni hatari kubwa kuliko upendeleo wa wazi, kwa sababu kila hatua yake ina ushahidi.

Lakini teknolojia hiyohiyo imewahi kufanya kinyume. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, yaani mabasi madogo ya abiria ya Nairobi, iliyotokana na wanafunzi kupanda magari hayo wakiwa na simu zinazorekodi njia na vituo. Takwimu zao ziliwekwa katika muundo wa faili za ratiba za usafiri ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005, na kwa hiyo usafiri ambao rasmi haukuwa na ratiba ukaweza kuingizwa kwenye hesabu za ufikiaji kama mwingine wowote.

Ninachopendekeza ni kubadilisha nafasi ya usawa ndani ya programu. Ukiwekwa kama kigezo kimoja kati ya vingi vinavyopimwa pamoja, utashindwa kila bei ya umeme ikishuka. Uwekwe kama sharti: katika mitaa itakayotajwa kwa jina, muda kati ya basi na basi usizidi dakika fulani saa yoyote ya mchana, kisha programu ipunguze gharama ndani ya mpaka huo. Huko Los Angeles, baada ya chama cha abiria wa mabasi na wenzao kuishtaki mamlaka ya usafiri mwaka 1994, makubaliano ya mahakama ya 1996 yaliweka mipaka ya msongamano ndani ya mabasi kwa tarakimu, na tarakimu ndiyo iliyowapa abiria kitu cha kudai.

Sharti hilo halifukuzi jua. Chaja ya kilowati 300 iliyo mwisho wa njia, dereva akipumzika dakika 10, huliongezea basi kilowati-saa 50, zinazotosha kama kilomita 38. Betri zilizochoka kwa kazi ya barabarani bado zinaweza kuwekwa deponi kuhifadhi umeme wa mchana hadi usiku, ingawa sehemu yake hupotea njiani. Pale njia hizo zisipotosha, yatahitajika mabasi machache ya ziada, na gharama yake mimi huiandika kwenye mstari wake katika bajeti ya mradi wa nishati, ikiwa na jina la mitaa inayohusika na saa zinazolindwa.