Pesa kwenye simu, lakini laini ya nani?

Mwaka 2020 nilikuwa nikiandikisha kaya za kupokea msaada katika mitaa ya mabanda Nairobi. Swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: mbona mnatuma pesa badala ya unga?

Jibu lilikuwa dukani. Unga ulikuwepo, mafuta ya kupima yalikuwepo, sukuma imejaa gengeni. Kilichokosekana ni kibarua. Kafyu ilianza Machi 27, na mama fua wakaambiwa wasije tena kwa hofu ya virusi vya korona. Njaa ya namna hiyo haitibiki kwa gunia la mahindi kutoka ng'ambo. Ukilileta unamwangusha mwenye kiduka, yuleyule anayekopesha mtaa mzima. Tena kugawa chakula kunakusanya watu. Aprili 10 kule Kibera waligombania unga na mafuta hadi wengine wakakanyagwa, polisi wakarusha vitoa machozi. Na ugonjwa wenyewe ni wa kuambukizana, jamani!

Aprili 21, David Beasley wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) aliliambia Baraza la Usalama kwamba wenye njaa kali wangeweza kuongezeka kutoka milioni 135 hadi milioni 265 kabla mwaka haujaisha. Mwezi huohuo, wakimbizi walioko Uganda walipunguziwa mgao kwa asilimia 30 kwa sababu wafadhili hawakuwa wametoa pesa za kutosha. Nairobi, WFP walianza Julai kutuma shilingi 4,000 kwa mwezi kwa kila kaya, nusu ya mahitaji ya chakula ya watu wanne. Gawanya kwa siku 30: shilingi 133. Pakiti ya unga na chenji kidogo.

Kutuma ni kubonyeza tu. Orodha ndiyo iliyotutoa jasho. Jina la kitambulisho lisipolingana na la mwenye laini, pesa haziendi. Mama mmoja muuza omena alikuwa na laini ya miaka minane, kumbe imesajiliwa kwa jina la mume aliyekwisha kuondoka. Malipo ya kwanza yakampita. Akasajili laini mpya, ila wateja wake wote walijua ile ya zamani, na kasimu kake ni ka laini moja. Basi kila tukitangaza siku ya malipo, anafungua kifuniko kwa ukucha, anachomoa laini ya omena, anaiweka mdomoni isipotee, anatia ya msaada, anangoja.