Kitabu kimeingia mtamboni, na sura ya mboji imebaki

Habari njema kwanza: kitabu kipya kimeingia mtamboni. Tukijaliwa kitakuwa madukani kabla ya Krismasi, na nyinyi mnaonivizia mlangoni kila Jumapili baada ya misa mtaniacha nipumue. Kimepungua unene. Sura ya umeme imeondolewa, wala sikuililia. Iliyotugombanisha ni sura ya mboji, ile ya kinamasini inayokaushwa na kuchomwa kama kuni. Mhariri wangu, dada ninayemheshimu sana, alitaka imalizike kwa funzo: mtoto wa mkulima wa Mayo, magharibi mwa Ireland, yaani mimi, anajifunza uvumilivu kinamasini. Nilikataa, na sababu yake inahusu kazi yenyewe ya kuandika vitabu vya kutia moyo.

Wengi hudhani kitabu cha namna hii ni mahubiri yaliyotiwa jalada. Msomaji aliyechoka mahubiri anayo tele. Anachokikosa ni kumwona mwenzake akifanya kazi, hatua kwa hatua, hadi naye atamani kushika mpini. Ndiyo maana nikiandika juu ya utoto wangu huanza na kazi. Hisia huja zenyewe.

Basi mboji. Wasomaji wa Rwanda na Burundi wanaijua: mimea iliyooza nusunusu ndani ya kinamasi kwa maelfu ya miaka, ukiikausha inawaka. Kwetu kuni zilikuwa haba, kwa hiyo moto wa kupikia na wa kuota ulitoka humo. Aprili au Mei baba alikata kwa sleán, koleo jembamba lenye bawa ubavuni, na kila pigo lilitoa tofali jeusi linaloteleza kama mche wa sabuni. Sisi watoto tuliyatandaza. Yakishaanza kukauka juu, tuliyasimamisha matano matano, yameegemeana vichwa, upepo upite katikati. Hapo ndipo mgongo unapokatika. Unainama tangu asubuhi, usubi umekujaa masikioni, na jirani anakwambia umebaki mstari mmoja tu. Mwongo mkubwa yule! Chai ilikuja kwenye chupa iliyovishwa soksi ya sufu isipoe, pamoja na mkate wa magadi uliopakwa siagi. Mvua ikipiga wiki nzima, kazi inarudiwa. Na kiangazi kikiwa cha mvua tupu, wakati wa baridi mnaota moshi.

Tatizo la kumbukumbu ya mtoto ni kwamba haijui sababu. Nilikumbuka majirani wakimiminika kutusaidia, nikawaona malaika. Kumbe baba naye alikuwa na siku zake za kuwalipa, kwenye nyasi zao na viazi vyao. Utaratibu huo huitwa meitheal. Aliyewahi kuitwa kwenye msaragambo hana haja ya kuelezwa, wala ya kuambiwa kwamba asiyefika husemwa.

Kwa hiyo nakagua. Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Fasihi Simulizi ya Ireland iliwatumia watoto wa shule za msingi zipatazo 5,000 kuwahoji wazee wao na kuandika walichosikia: dawa za kienyeji, michezo, kusukasuka maziwa yatoe siagi, njaa kuu ya miaka ya 1840. Sehemu kubwa ya madaftari hayo sasa inasomwa bure kwenye intaneti, katika tovuti ya Dúchas. Nikiona nimeanza kupamba, naenda kusoma kurasa chache humo. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaeleza jinsi jambo linavyofanyika, anaweka nukta, basi.

Mtaniuliza kama mboji bado inakatwa. Bord na Móna, shirika la serikali lililoichimba kwa mitambo, lilitangaza Januari 2021 kwamba limeacha kabisa, kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, na tangu Oktoba 2022 kuna masharti makali juu ya kuiuza. Lakini familia zenye haki ya kukata kwenye kinamasi chao bado huikata kwa moto wa nyumbani. Kaka yangu ni mmoja wao, na hilo tunalibishania kila nikimpigia simu.

Sura hiyo nitaisoma kwa sauti siku ya uzinduzi. Mkate wa magadi nitaoka mwenyewe, siagi leteni.