Kuyumba si kudorora

Wiki iliyopita nilikuwa barazani na kikombe changu cha kahawa, kijana mmoja aliyetoka Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, kikazi akitusimulia aliyoyaona. Treni ya mjini inayopita juu ya barabara, maghorofa ya mtaa wa Bole, barabara zilizopanuliwa na kuwekwa taa. Mzee mmoja akamwambia, "Lakini nasikia uchumi wao unayumba." Kijana akacheka. "Unayumba wapi, mzee wangu? Ule uchumi unakua kuliko wetu." Mzee akanyamaza, na waliokuwepo wakaona ameshindwa.

Hakushindwa. Wote wawili walisema kweli. Kilichowakosanisha ni kitenzi kimoja, na kitenzi hicho nimekisikia kikitumiwa ovyo kiasi cha kunichosha. Redioni, kasi ya ukuaji ikipungua kidogo tu, tunaambiwa uchumi umeyumba. Majukwaani, daraja likizinduliwa, tunaambiwa uchumi umetulia. Kasi kupungua si kuyumba, wala daraja kuzinduliwa si kutulia.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Uchumi jumla unayumba pale ambapo vipimo vikuu vya nchi nzima, yaani bei, thamani ya sarafu, riba, bajeti ya serikali, deni na akiba ya fedha za kigeni, vinapanda na kushuka kwa namna ambayo mtu hawezi kuitegemea wala kuipangia. "Jumla" hapa haihusiani na duka la jumla, ingawa nimekutana na watu wazima wanaodhani hivyo. Ni jumla ya hesabu: uchumi wote ukijumlishwa pamoja.

Sasa tuje kwenye kitenzi.

Kiswahili kina utajiri wa ajabu wa maneno ya kueleza uchumi wenye matatizo, na kila neno lilikuwa na kazi yake kabla ya wachumi kuliazima. Kudumaa ni kwa mtoto au mmea: umri unakwenda, kimo hakiendi. Kusinyaa ni kwa jani au ua lililokosa maji, kile kilichokuwepo kinapungua. Kudorora ni kupoteza nguvu na uchangamfu, kama biashara ambayo mteja anakuja mmoja asubuhi na mmoja jioni. Kuzorota ni jirani yake, kazi inayokwenda kwa kujikokota. Kuporomoka ni kwa ukuta au mlima baada ya mvua, na kikishaporomoka hukisemi tena kwamba kinayumba, maana kiko chini.

Kuyumba ni kitu kingine kabisa. Mti unayumba kwa upepo na mizizi yake iko palepale. Mlevi anayumba, lakini anakwenda. Na sisi wa Pwani neno hili tunalijua zaidi kwa chombo cha baharini. Jahazi lililokaa kwenye tope maji yakiwa yamekupwa haliyumbi hata kidogo, na haliendi popote. Likitoka nje, tanga limejaa upepo na shehena imepangwa mpaka juu ya sitaha, hapo ndipo linakwenda kasi na hapo ndipo linaweza kuyumba. Mwendo na kuyumba ni maswali mawili tofauti. La kwanza linauliza tunakwenda kasi gani. La pili linauliza kama tutafika tukiwa wima.

Mabaharia wanalo neno farumi. Ni mawe au mchanga unaowekwa chini kabisa ndani ya chombo ili kisilalie upande. Farumi haiuzwi ufikapo, hailipi nauli, na inachukua nafasi ambayo ingebeba mzigo wa kuuza. Nahodha mwenye haraka anatamani aipunguze. Nikifikiria akiba ya fedha za kigeni iliyoko benki kuu, neno linalonijia kwanza ni hilo. Benki Kuu ya Kenya inatakiwa kujitahidi kuwa na akiba inayotosha kununua mahitaji ya nje kwa miezi 4 angalau, na makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanataka miezi 4 na nusu. Ethiopia, katika miaka iliyotangulia mageuzi ya 2024, ilipoiachia sarafu yake sokoni, ilibaki na akiba isiyotosha hata mwezi mmoja au inayougusa tu huo mmoja. Na hiyo ndiyo nchi ambayo, kwa takwimu rasmi, ilikua kwa wastani wa karibu asilimia 10 kwa mwaka tangu 2004 kwa muongo na nusu.

Ilifikaje hapo? Kwa sehemu kubwa, kwa njia zilezile zilizoifanya ikue.

Serikali iliamua kujenga, tena kwa wakati mmoja: bwawa kubwa la umeme kwenye mto Abbay, yaani Nile ya Bluu, kuanzia 2011, reli ya kilomita 750 na ushee hadi Djibouti, viwanda vya sukari, maeneo ya viwanda, nyumba za makazi. Fedha zilitoka pande tatu. Nje, kwa mikopo, mingi ya China, pamoja na hatifungani, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 1 iliyouzwa Desemba 2014. Ndani, kwa kanuni ya 2011 iliyozilazimisha benki binafsi kununua hati za benki kuu zenye thamani ya asilimia 27 ya kila mkopo mpya zinaotoa, kwa riba iliyokuwa chini ya mfumuko wa bei. Kanuni hiyo iliondolewa 2019. Upande wa tatu ulikuwa benki kuu yenyewe, iliyoikopesha serikali moja kwa moja, na huko ndiko kuchapisha noti kwa jina la heshima.

Reli inajengwa kwa dola na inalipiwa kwa dola. Abiria analipa kwa birr, sarafu ya Ethiopia. Nchi ilikuwa ikiuza nje bidhaa za takriban dola bilioni 3 kwa mwaka, kahawa ikiongoza, na kununua za karibu mara tano ya hizo. (Birr kwa Kiamhari ni fedha, ile madini, sawasawa na fedha yetu ilivyoanza kuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la pesa zote. Majina yote mawili yametoka kwa kitu kizito chenye thamani yake yenyewe, na pesa zinazoitwa hivyo leo zinategemea imani ya watu.) Pengo hilo kati ya mauzo na manunuzi lilizibwa kwa mikopo na kwa fedha zinazotumwa na ndugu walioko ughaibuni, na kadiri lilivyopanuka ndivyo dola zilivyoadimika.

Kuyumba kunaonekana vizuri zaidi ukimsogelea mtu mmoja. Mchukue mwenye kiwanda kidogo cha sabuni. Anahitaji malighafi ya nje, anakwenda benki kuomba dola, anaandikwa kwenye foleni. Foleni hiyo ilikuwa ikichukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Bei rasmi ya dola mwanzoni mwa 2024 ni birr 56 au 57, lakini benki haina za kumpa. Mtaani dola zipo, kwa bei ya karibu mara mbili. Akinunua mtaani, sabuni yake lazima aiuze kwa hesabu ya mtaani. Akingoja benki, mashine zinalala. Akikubali oda ya miezi sita ijayo, hajui ataigharamia kwa dola ya bei gani. Huyu mtu hajadorora. Wateja anao, tena wanaongezeka, mji unakua mbele ya macho yake. Asichokuwa nacho ni sakafu isiyotikisika ya kusimamia akapiga hesabu.

Hapa sarufi yetu inasaidia tena. Tuna kuyumba, na tuna kuyumbisha na kuyumbishwa. Wanasiasa wa kila nchi wanapenda hili la mwisho, maana linamweka mkosaji mbali: tumeyumbishwa na korona, tumeyumbishwa na vita vya Ukraine, tumeyumbishwa na ukame. Yote kweli. Korona ilikuja 2020, na Novemba mwaka huohuo vikaanza vita katika jimbo la Tigray, kaskazini, vilivyodumu miaka miwili na kuwafukuza wafadhili. Mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo kusini na mashariki. Mwaka 2022 ngano, mafuta na mbolea zikapanda dunia nzima, na mfumuko wa bei Ethiopia ukapita asilimia 30. Lakini wimbi hilohilo la mafuta na ngano lilizipiga nchi zote za jirani, na hazikulala upande kwa kiwango kimoja. Wimbi halichagui chombo. Farumi ndiyo inayotofautisha. Desemba 2023 Ethiopia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 ya ile hatifungani ya 2014. Kwa uchumi wa ukubwa ule, milioni 33 ni fedha ndogo mno, na udogo huo ndio unaonyesha farumi ilikuwa imebaki kiasi gani.

Tarehe 29 Julai 2024 serikali iliiachia birr ijitafutie bei sokoni, na siku hiyohiyo Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dola bilioni 3.4. Ndani ya wiki chache dola ilivuka birr 100, na mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita 120. Bei za bidhaa kwa ujumla hazikulipuka kama wengi walivyohofia, kwa sababu moja nzuri ya kuielewa: wafanyabiashara wengi walikwishahamia bei ya mtaani zamani, na bei rasmi ndiyo iliyokuwa nyuma. Waliobanwa ni wanaoishi kwa mshahara na wenye madeni ya dola. Wasomaji wa Kenya waliliona hili katika hesabu za Safaricom, kampuni yao ya simu, iliyoanza biashara Ethiopia Oktoba 2022: wateja wanaongezeka, minara inasimama, na bado kushuka kwa birr kunakula kwenye vitabu vya Nairobi. Kukua na kuyumba kwenye ukurasa mmoja.

Kwa nini nang'ang'ania tofauti hii? Kwa sababu dawa za maradhi haya mawili zinapingana. Uchumi uliodorora unahitaji kusukumwa: serikali itumie, riba ishuke, watu wakope. Uchumi unaoyumba kwa kuzidiwa na mzigo unahitaji kinyume chake: matumizi yapunguzwe, benki kuu iache kuikopesha serikali, riba ipande, miradi mingine ingoje. Chombo kilichokosa mwendo unakiongezea tanga. Kinacholalia upande unakipunguzia. Mtu akichanganya maneno haya mawili atadai dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na serikali inayotaka kuendelea kujenga itafurahi kumsikiliza. Ugumu wa nchi inayokua haraka uko hapohapo: kupunguza tanga wakati upepo ni mzuri, vijana kwa mamilioni wanatafuta kazi na kila mkoa unangoja barabara yake, ni jambo linalohitaji nahodha mwenye moyo mgumu kweli.

Kahawa ilipokwisha nilimsogelea yule kijana, kwa sababu mzee alikuwa amekwenda kuswali na sikutaka neno lake libaki limeshindwa. Nikamwambia, mwanangu, mzee aliposema unayumba hakusema umesimama. Akafikiri. Kisha akaniuliza, kwa hiyo ile treni niliyoiona ni ushahidi wa nini?

Nikamwambia ni ushahidi wa kukua, na asimwachie mtu amwambie vinginevyo. Ushahidi wa kuyumba angeupata kama angemuuliza mwenye duka bei ya dola mwaka 2023, kisha akarudi kumuuliza tena mwaka uliofuata.