Mbwa Mwenye Kingamwili Hajawa Hatari kwa Sababu Hiyo Tu

Mwenye mbwa akipokea majibu ya maabara yanayoonyesha kwamba mnyama wake ana kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea) dhidi ya virusi vinavyoweza kumpata pia binadamu, mara nyingi huniuliza kama amfukuze, na wapo ambao huwa wameshaamua kabla ya kunifikia. Nikiwa daktari wa mifugo hapa Dodoma, huanza kwa kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa sana mitaani: mnyama kukutana na virusi, mnyama kuugua, na mnyama kumwambukiza mtu.

Kingamwili huthibitisha lile la kwanza tu. Tunachota damu kidogo kwenye mshipa wa mguu wa mbele, tunaiacha igande, na maji ya manjano yanayojitenga juu ya donge ndiyo yanayopimwa. Maji hayo hueleza kwamba mwili uliwahi kupambana na virusi, pengine miezi mingi nyuma. Kama virusi bado vimo, hilo hutafutwa kwa kipimo kingine kinachosaka vinasaba vyake.

Gabon ilitupatia mfano mzuri. Baada ya mlipuko wa Ebola wa 2001 na 2002, watafiti walipima mbwa wa huko, na katika vijiji vilivyoguswa zaidi karibu theluthi moja yao walikutwa na kingamwili. Mbwa hao walikuwa wakila mizoga na mabaki ya wanyamapori, lakini virusi vyenyewe havikuonekana katika damu yao.

Kwetu sisi jambo la kufikiria zaidi ni Homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwaka 2007 iliugusa mkoa wa Dodoma kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Virusi vyake huenezwa na mbu baada ya mvua kubwa, mbuzi, kondoo na ng'ombe hutupa mimba kwa wingi, na binadamu huambukizwa hasa anapogusa damu, kondo la nyuma au kijusi cha mnyama mgonjwa. Sasa tazama zizi lolote la Chamwino au Bahi mbuzi anapotupa mimba: mbwa huwahi kondo la nyuma kabla halijakauka vumbi, na kijana wa boma humnyang'anya kwa mikono mitupu ili akalitupe mbali. Kama mbuzi huyo alikuwa na homa hiyo, wote wawili wamekutana na virusi vilevile kwa wakati mmoja. Majaribio ya miaka mingi iliyopita yalionyesha kwamba watoto wachanga wa mbwa na wa paka wanaweza kufa kwa virusi hivi, ilhali mbwa wakubwa kwa kawaida hawaonyeshi dalili. Kwa hiyo nikiona kingamwili hizo kwa mbwa mkubwa, ninachotaka kukagua ni mbuzi, mbu na mikono ya wachungaji. Kumfukuza mbwa hakupunguzi chochote, ila kunatunyima shahidi.

Paka nao wana habari zao. Mwaka 2024 huko Texas, paka wa mashamba ya ng'ombe walikufa kwa mafua ya ndege baada ya kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe walioambukizwa, na wakati wa Uviko-19 paka wengi waliopatwa waliambukizwa na watu waliowafuga. (Anayemmiminia paka maziwa yasiyochemshwa, na mwenyewe akanywa yaliyobaki, ajue wanashiriki bakuli moja.)

Kichaa cha mbwa ndicho ninachokitenga kabisa na hoja hii. Hapo kingamwili hazitusaidii kugundua ugonjwa, kwa kuwa mbwa aliyechanjwa anazo na mbwa anayeugua anaweza kukosa. Uthibitisho hupatikana kwenye ubongo baada ya mnyama kufa. Aliyeng'atwa na mbwa asisubiri majibu yoyote: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuanza chanjo. Mbwa mwenyewe, kama anaonekana mzima, asiuawe kwa hasira, bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu akizimaliza akiwa hai na mwenye afya, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma.